Fundi wa Kalamu Anajibu: "Babu katuachia seti ya Parker, tutajuaje thamani yake?"

SWALI

Fundi shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo mara ya kwanza naandika. Marehemu babu katuachia kisanduku, tumekikuta kwenye droo ya meza yake kimeviringishwa kwa kitambaa, ndani kuna kalamu ya wino na penseli zimelala pamoja. Rangi ni nyekundu iliyokolea inakaribia weusi, vifuniko vya rangi ya dhahabu na klipu zake zina umbo la mshale. Imeandikwa Parker "51" Made in U.S.A. Sasa nibu, kile kibati cha kuandikia, naona kama imevunjika manake haionekani, kimebaki kincha tu kinachungulia. Halafu kwenye mwili wa kalamu kuna maandishi meupe kama ya chaki, yamefifia, nilitaka kuyafuta niipige picha vizuri nikasema ngoja nikuulize kwanza. Tuko ndugu watatu na tumekubaliana tugawane kwa haki. Kaka yetu mkubwa anataka achukue penseli, sisi wawili tuuze kalamu tugawane hela. Mdogo wetu kaona mtandaoni kalamu kama hii imewekewa bei kubwa sana, anasema tusishuke hapo. Na sonara mmoja katwambia tumpelekee apime dhahabu. Nani yuko sahihi, na thamani yake ya kweli tutaijuaje?

Mjukuu

JIBU

Marahaba mjukuu, na poleni sana na msiba, Mungu amlaze pema babu yenu.

Naanza na lile lisilosubiri: hayo maandishi ya chaki usiyaguse. Usifute, usipulizie maji, usipitishe hata kitambaa kikavu, wala usiishike kalamu pale yalipo, ukitaka kuitoa kwenye kisanduku ishike kwa kifuniko. Wewe unaona uchafu ila mkusanyaji wa kalamu akiiona picha yako hicho ndo kitu cha kwanza atakachokikodolea macho. Kalamu nyingi za miaka ile zilikuwa zinafika dukani zimepigwa maandishi ya unga mweupe kwenye mwili, yakionyesha mambo kama upana wa nibu na bei ya wakati huo, na mtu akishainunua akaandikia siku mbili tatu yanaisha yenyewe kwa jasho la mkono. Sasa kama yapo mpaka leo ujue babu aliinunua au alizawadiwa akaitunza, hakuiandikia kabisa au aliiandikia kidogo mno. Na hapo thamani inapanda sana, manake Parker 51 zilizotumika zipo tele duniani, zilitengenezwa kwa mamilioni, lakini ambayo haijashikwa na chaki yake bado ipo hizo ni chache na kila mwaka zinapungua kwa sababu kila mwaka kuna mtu mwenye nia njema anachukua kitambaa.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mi mwenyewe lilishanipata. Miaka ya mwanzo mama mmoja aliniletea Parker ya mistari ya mumewe, nikaipokea nikaitelezesha kidole gumba juu yake ili nisome jina vizuri, sekunde mbili tu, nikatazama kidole kina weupe kama mtu aliyeshika unga. Yale maandishi hayakurudi. Tangu siku hiyo mtu akinikabidhi kalamu naiomba aiweke mezani kwanza, nainama naitazama pande zote ndo nanyanyua.

Haya, nibu. Haijavunjika, ondoa wasiwasi. Parker 51 ilipotoka mwaka 1941 watu walishangaa hivyohivyo, maana kalamu zote walizozoea nibu ilikuwa inakaa wazi kama jani, hii nibu yake ni kijibomba cha dhahabu ya 14K (K ni karati, kipimo cha usafi wa dhahabu) kimefichwa ndani ya kofia ya plastiki, inachungulia ncha peke yake. Walifanya hivyo kwa sababu walitaka kalamu itumie wino unaokauka haraka kwenye karatasi, na wino wa hivyo ukiuweka kwenye nibu ya wazi unakauka kwenye nibu kabla hujaanza sentensi. Kampuni yenyewe George Parker aliianzisha Janesville, Wisconsin, Marekani mwaka 1888, na hilo jina 51 linatokana na mwaka wa 51 wa kampuni, 1939, walipokamilisha kuibuni. Unachotakiwa kuangalia kwenye hicho kincha ni kitu kimoja: chukua lensi ya kukuzia, mwisho kabisa wa ncha utaona katone kadogo ka chuma cheupe kilichopasuliwa katikati. Hicho ni chuma kigumu kilichochomelewa juu ya dhahabu kwa sababu dhahabu peke yake ingelika kwa karatasi. Kama katone kapo kote pande mbili na ziko sawa, nibu ni nzima. Kama upande mmoja umeng'oka, hapo ndo pa kusema imeharibika.

Sasa tuisome kalamu yenyewe, manake thamani yake nyingi imeandikwa juu yake, ni kujua tu pa kutazama.

Tazama mkia. Kama karibu na mwisho kuna mstari mwembamba unaozunguka, yaani kuna kifuniko kidogo cha nyuma kinachofunguka, hiyo ni ya mwanzo, ya 1941 mpaka 1948 hivi, inajaza wino kwa kusukuma kijiti cha nyuma na ndani ina kiwambo cha mpira. Kwa hiyo aina usijaribu kufungua mwili katikati kwa nguvu, na hicho kijiti nacho usikisukume, mpira wa umri huo umeshakuwa mgumu kama gamba utapasuka. Kama mkia ni laini hauna mstari, basi ni ya kuanzia 1948, na mwili wake unafunguka katikati kwa kuzungusha taratibu. Ndani utakuta bomba la chuma lenye kibao cha kubonyeza na maelekezo ya kujaza wino yamechongwa humohumo, na ndani ya bomba kuna mfuko wa plastiki angavu. Ule mfuko ndo shahidi wako. Kalamu iliyowahi kutiwa wino mfuko unabaki na doa hata ukiosha, ambayo haijawahi mfuko unakuwa safi. Ila kwa kuwa yako ina chaki kwenye mwili, ukiifungua ishikie mkiani kabisa kwenye sehemu isiyo na maandishi, na ikikataa iache, mpe fundi afungue. Na usiitie wino kujaribu kama inaandika! Hata maji. Kalamu kavu unaweza kuijaza wino wakati wowote ila iliyotiwa wino huwezi kuirudisha ikawa haijatiwa.

Tarehe nayo ipo. Kwenye mwili, kwenye maandishi madogo yaliyochongwa karibu na kifuniko, kalamu za Marekani za miaka ya 1940 zina tarakimu pembeni ya Made in U.S.A., mara nyingine na vinukta. Tarakimu ni namba ya mwisho ya mwaka, na vinukta vinaonyesha robo ya mwaka. Ukiona 9 na mkia hauna mstari, ni 1949, haiwezi kuwa 1939 ukioanisha na aina ya kujaza. Usome kwa kuinamisha taa pembeni, mwanga wa kulala unafanya herufi zilizochongwa zisimame bila wewe kusugua kitu.

Rangi ndo sehemu nakuomba utulie kabisa. Umesema nyekundu iliyokolea inakaribia weusi. Parker 51 ilikuwa na rangi ya Burgundy, ya damu ya mzee, hiyo ipo kwa wingi. Lakini kulikuwa na nyingine inaitwa Plum, ya zambarau, iliyotengenezwa kwa muda mfupi kuanzia 1949 hivi, na hiyo wakusanyaji wanaitafuta kweli. Ukiziweka mbali mbali kila mtu anasema ni zilezile. Itoe mchana dirishani, jua lisiipige moja kwa moja, weka juu ya karatasi nyeupe uangalie: Burgundy inavuta kwenye wekundu wa kahawia, Plum inavuta kwenye zambarau. Taa ya ndani ya manjano itakudanganya na simu nayo itakudanganya, kwa hiyo picha ipige mchana na hiyo karatasi nyeupe ionekane ndani ya picha, mtaalamu ataitumia kusahihisha rangi. Bahati nzuri mwili wa 51 ni plastiki ya akriliki, rangi yake haibadiliki kirahisi, unachokiona ndicho kilichotoka kiwandani.

Kifuniko sasa, na hapa naingia kwa sonara wenu. Chini ya mdomo wa kifuniko kuna maandishi madogo sana. Ukikuta 1/10 12K Gold Filled, au 16K, maana yake siyo dhahabu tupu, ni chuma cha kawaida kilichovikwa dhahabu. Piga hesabu: hiyo 1/10 ni uzito, kwa hiyo kwenye chuma cha gramu 10 gramu 1 ndo dhahabu ya 12K, na 12K ni nusu tu ya dhahabu safi, unabaki na nusu gramu imetandazwa juu ya kifuniko chote. Nibu nayo ni ya 14K kweli lakini haifiki hata gramu moja. Sonara hakosei kwa upande wake, yeye ananunua uzito, lakini mkimpelekea mnauza nusu gramu na kalamu inaingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Tusifike huko jamani. Isipokuwa kama kifuniko kimeandikwa 14K peke yake bila hayo maneno ya kuvikwa, hapo ni dhahabu kamili, ni adimu na ndo kabisa hakipaswi kuyeyushwa.

Kwenye kifuniko hichohicho pitisha macho kwenye ukingo wa mdomo na juu ya klipu, ndo sehemu dhahabu inaisha kwanza kwa kuingia na kutoka mfukoni, utaona unjano umegeuka kuwa wa shaba. Tafuta na vidimbwi, vile vibonyeo vidogo vya kuangushwa, vinaonekana ukiizungusha chini ya taa mwanga unapovunjika. Na kile kikofia kinachoficha nibu kimulike na tochi, nyufa nyembamba kama unywele hukaa pale. Ufa mmoja pale unashusha thamani kuliko mikwaruzo kumi ya mwili.

Kama kuna jina limechongwa usiogope ila ujue linapunguza, wanunuzi wengi hawataki jina la mtu mwingine. Linaongeza tu kama mwenyewe alikuwa mtu wa kwenye historia na kuna ushahidi, picha, barua. Jenerali MacArthur wa Marekani aliposaini hati ya Japani kujisalimisha mwaka 1945 alitumia kalamu kadhaa, mojawapo Parker Duofold ndogo ya mkewe, kalamu ya hivyo haina bei ya kalamu tena.

Sasa nije kwa kaka yenu mkubwa, na nisimkosee heshima maana nadhani anataka kumbukumbu siyo hela. Penseli peke yake haina soko kubwa, watu wachache wanakusanya penseli za kuzungusha. Lakini ikiwa imekaa na kalamu yake, rangi moja, michoro ya kifuniko imelingana, kwenye kisanduku chake, inaipandisha kalamu juu. Kwa hiyo akichukua yeye penseli anapata kitu kidogo na nyie mnabaki na kalamu iliyopungua, wote mmepoteza na hakuna aliyechukua hiyo tofauti, imeyeyuka tu. Msizitenganishe mpaka mjue bei. Angalieni na kisanduku chenyewe, inua kitambaa cha ndani taratibu, chini yake mara nyingi kuna karatasi ya maelekezo au ya dhamana, au risiti, kikaratasi kama hicho watu hutupa na ndo kinachofanya seti iitwe kamili. Hakikisheni pia seti imezaliwa pamoja, kuna seti za kuokoteza ambazo kalamu ya mwaka huu imewekewa penseli ya miaka kumi baadaye, linganisha mistari ya vifuniko, kama kimoja kina mistari minene na kingine membamba hao si ndugu.

Mdogo wenu naye. Bei aliyoiona ni ya mtu anayeuza, siyo ya mtu aliyenunua, na hata mi nikiamka nikaiandikia kalamu yangu bei ya nyumba hakuna wa kunikataza. Kalamu inaweza kukaa na bei hiyo miaka mitatu haijaguswa. Aingie eBay, lile soko la mtandaoni, atafute aina yenu kamili, yaani namba 51, aina ya kujaza, rangi, kifuniko, kama ni seti, halafu achuje zionekane zile zilizokwisha kuuzwa peke yake. Achukue kumi hivi, atupe ile ya juu kabisa na ya chini kabisa, zinazobaki ndo soko. Na asome kwa makini zinauzwa zikiwa katika hali gani, iliyofanyiwa ukarabati na fundi ni bei nyingine, ya kutoka kwenye droo ni nyingine, isiyotumika yenye chaki ni nyingine kabisa. Minada mikubwa kama Bonhams nayo imeshauza kalamu na matokeo yake yanatazamika. Mkiweza kumfikia mtu wa maonyesho ya kalamu, kama yale ya London na Chicago, hata kwa kumtumia picha, jicho la mtu aliyeshika mia moja za aina hiyo linazidi siku tatu za kutafuta.

Halafu jueni kalamu moja ina bei zaidi ya moja kwa wakati mmoja na zote ni za kweli. Bei ya bima ni kubwa, kwa sababu ni ya kwenda kununua nyingine kesho ikipotea. Bei ya dukani iko chini yake. Ya mnada mnakatwa kamisheni. Na mfanyabiashara akiwanunulia nyie atawapa chini ya anayouzia, lazima ale, ana ukarabati na ana kusubiri mteja, siyo kwamba anawaibia. Kwa kugawana urithi tumieni ile ambayo ingewafikia mkononi baada ya makato, msitumie ya bima, mkitumia ya bima yule anayebaki na seti atawalipa wenzake hela ambayo seti yenyewe haiwezi kumrudishia. Kwa hiyo nawashauri hivi: kaka achukue seti nzima kama ndo anayeitaka, awafidie nyie wawili theluthi moja moja ya hiyo bei. Akiwa hana sasa hivi, mwandikiane.

Picha za kumtumia mtaalamu: kisanduku wazi, kalamu imefungwa, imefunguliwa, ncha kwa karibu, mdomo wa kifuniko, maandishi yaliyochongwa, mkia, na hayo ya chaki kwa mwanga wa pembeni. Nane zinatosha.

SWALI

Habari za kazi fundi. Nimerithi kalamu ya baba mkubwa, nyeusi ila imegeuka kuwa kahawia ya kijani hivi, pembeni ina kile kijiti cha kuvuta cha kujazia wino. Nilikivuta kikakwama kimesimama, na ndani naskia kitu kinachakacha. Jina la kampuni silioni, nibu imeandikwa Warranted 14K. Nimeambiwa niiloweke maji ya moto na dawa ya meno itarudi weusi wake. Ina thamani kweli?

Msomaji wa siku zote

JIBU

Njema ndugu yangu, na naomba hiyo kalamu isikaribie maji hata kidogo, sio ya moto sio ya baridi. Hiyo ni ebonaiti, mpira mgumu uliopikwa na salfa, ndo kalamu nyingi zilitengenezwa hivyo kabla ya seluloidi, ile plastiki ya zamani, kushika kasi miaka ya 1920. Mwanga na unyevu ndo vilivyoigeuza kahawia, sasa ukiiloweka inaongezeka mbele ya macho yako, asubuhi unaikuta rangi ya tope. Na dawa ya meno ina mchanga laini, itang'arisha ndio lakini itakula yale maandishi yaliyochongwa mwilini, na inawezekana jina la kampuni lipo palepale limefifia ndo maana hulioni. Tega taa pembeni uzungushe polepole kabla hujasema halipo.

Kinachochakacha ni mfuko wa mpira wa wino, umekauka umekuwa vipande kama maganda ya karanga. Ulipovuta kijiti umeuvunja na kile chuma cha ndani kinachoubana kimekwama juu yake. Usijilaumu, kila mtu huvuta, na mfuko ulikuwa umeshakufa zamani. Usikilazimishe kurudi tu, kijiti kikikatika au kikatoboa mwili hapo ndo hasara. Fundi wa kalamu anafungua kwa joto dogo lililopimwa, anasafisha, anaweka mfuko mpya anaugandisha kwa sheleki, na kazi hiyo haishushi thamani hata kidogo, mkusanyaji anategemea mfuko uwe umebadilishwa. Ila fundi asiguse rangi! Akikwambia ataipaka weusi mwambie asante.

Kuhusu thamani nisikupe matumaini ya uongo. Warranted 14K ni nibu ya dhahabu halisi lakini jina hilo siyo la kampuni, ni nibu ambazo zilitumika kwenye kalamu nyingi za bei nafuu, na pia zilitumika kubadilishia nibu zilizoharibika. Ukipata jina mwilini, tuseme Waterman, Conklin, Sheaffer, basi pengine mwili ni mzuri na nibu ndo ya kupachikwa, na thamani inakuwa ya kati kwa sababu nibu siyo yake. Jina lisipopatikana ni kalamu ya kawaida. Lakini jaribu jambo hili baada ya ukarabati: ukiandika ukakandamiza kidogo nibu inapanuka mstari unanenepa, ukilegeza inarudi? Kama inafanya hivyo wapo waandishi wa kaligrafia watakaoitaka kuliko wakusanyaji, manake nibu mpya za siku hizi chache sana zinapanuka hivyo.

Na kitu kimoja kuhusu kuhifadhi: usiifungie kwenye kisanduku kimoja na kalamu za seluloidi za rangi za mistari. Ule mpira unatoa hewa ya salfa polepole na seluloidi za rangi nyepesi hugeuka manjano, ukiwahi kuona kalamu ya lulu nyeupe imekuwa ya rangi ya chai kwenye sehemu ya mfuko wa wino, chanzo ni hichohicho.

SWALI

Fundi, kalamu ya bibi ina kinukta cheupe juu ya klipu. Shemeji anasema ni Montblanc na ni ya gharama sana. Kweli?

JIBU

Hapana dada, Montblanc alama yao ni nyota nyeupe yenye ncha sita za mviringo, ile theluji ya mlima Mont Blanc wa Ulaya, na inakaa juu kabisa kichwani mwa kifuniko, na kwenye nibu zao nyingi utakuta 4810 ambayo ni kama urefu wa mlima huo kwa mita. Kinukta cheupe kimoja kilicho mviringo juu ya klipu ni Sheaffer ya Marekani, walianza kukiweka mwaka 1924 kwenye kalamu zao za daraja la juu walizozitolea dhamana ya maisha. Kwa hiyo shemeji kakosea jina ila hajakosea kwamba ni kalamu nzuri.

Sasa fanya hivi: shika kile kifundo cha mkiani ukizungushe taratibu sana uone kama chini ya nibu kunatoka kijibomba chembamba kama mdomo wa mbu. Kikitoka, simama hapohapo usiendelee wala usivute, hiyo ni Snorkel, ilitengenezwa 1952 mpaka 1959, kijibomba ndo kilikuwa kinanyonya wino ili nibu isichovywe. Ndani ina vipira vingi vidogo na vyote vya umri huo vimekufa, lazima ifanyiwe kazi na anayeijua. Rudisha kijibomba ndani kwa kuzungusha kinyume, kisibaki nje kikapinda. Ikikataa kuzunguka tangu mwanzo, iache ilivyo, nitumie picha ya nibu na ya mkia nikwambie ni ipi.